Munje, Mrithi, Jina

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Alhamisi tarehe 11 Juni 1998, mstari wa kumi na tisa wa orodha ya Munje ulikuwa na jina la Chande Kassim.

Inspekta Menza aliusoma mara mbili, akaandika saa katika kijitabu chake, kisha akaigeuza karatasi imwelekee mwanamke aliyeketi upande wa pili wa meza.

"Shikamoo, mama. Hiki ndicho kiwanja chako?"

"Marahaba, mwanangu. Kiwanja ndicho. Jina silo."

Mwanaima Hamisi alikuwa na umri wa miaka sitini na mmoja. Alikuwa ametembea kutoka Munje tangu alfajiri, na leso yake ilikuwa na umande chini.

"Jana alasiri lori limemwaga matofali mlangoni kwangu," alisema. "Nimeuliza, ya nani haya? Dereva akanijibu, ya mwenye kiwanja, Bwana Chande. Chande ni mjomba wangu. Yeye na mama yangu wamenyonya ziwa moja. Na mama yangu amezikwa palepale, hatua ishirini kutoka yalipo matofali."

"Mjomba amekwambia nini?"

"Amenipa siku saba nihame. Lakini amenisalimia vizuri."

Ofisi ya Mpango wa Makazi wa Kivuleni, pale Msambweni, ilikuwa ghala la posho enzi za shamba la mkonge. Mizani ya kupimia unga wa vibarua ilikuwa ingali pembeni, na kengele ya kuwaita kazini ilikuwa imetundikwa juu ya mlango, bila ulimi. Menza aliwahi kuisikia ikilia mwaka 1974, alipokuwa konstebo mpya. Watu wa Msambweni waliitumia badala ya saa. Sasa penye magunia palikuwa na meza mbili, kabati la chuma, printa ya sindano na kompyuta moja iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi.

Orodha ilikuwa na viwanja 312 katika vijiji vinne. Saa kumi jioni gari la ofisi lingeipeleka Kwale kutiwa sahihi. Baada ya sahihi, kubadili jina lolote kungekuwa kesi ya mahakamani, na kesi za ardhi za wakati huo zilizidi umri wa baadhi ya wadai. Menza alikuwa ameshapiga simu Kwale, ile simu ya kuzungusha mkono iliyopitia kwa opereta, kuomba orodha isubiri kwa tuhuma kuwa fundi wa kompyuta alihongwa kubadili majina. Jibu lilikuwa fupi: tuhuma haisimamishi orodha, kasoro iliyothibitishwa ndiyo huisimamisha.

"Nipe kitabu cha Munje," alimwambia karani mkuu.

Bi. Sidi Kenga, aliyekuwa na miaka ishirini na miwili katika ofisi ile, alikileta kwa mikono miwili. Kilikuwa kitabu kirefu chenye jalada la turubai, kilichofunguliwa mwaka 1969 kampuni ya mkonge ilipoanza kuachia ardhi. Kila ukurasa ulikuwa wa kiwanja kimoja, wenye safu tatu kwa wino wa buluu: Mmiliki, Mrithi, Mjomba. Mwandiko ulikuwa mmoja kuanzia mwanzo hadi 1991, umelala kidogo kulia, bila herufi iliyofutwa.

"Mwandiko wa nani huu?"

"Wa Mzee Kibwana, karani wa kabla yangu. Amestaafu, lakini ni wake."

Safu ya mjomba haikumshangaza Menza. Yeye alikuwa Mduruma wa Kinango, na kwao pia mjomba ana neno katika urithi. Munje, mtu akifa, mrithi hakutambuliwa mpaka ndugu wa kiume wa mama yake aje ashuhudie. Mjomba hakupata kitu. Alikuja, akatia kidole gumba, akala, akaondoka.

Ukurasa wa kumi na tisa ulikuwa umelowa. Mvua kubwa za Novemba zilikuwa zimepita paani, na safu ya katikati ilikuwa doa la buluu. Jina la mrithi halikusomeka. La mjomba lilisomeka vizuri: Chande Kassim, kidole gumba, mwaka 1981.

Menza alizipitia kurasa zote arobaini na moja za viwanja vya warithi. Kurasa saba zilikuwa zimeharibika kama ile. Thelathini na nne zilikuwa nzima. Alilinganisha kila ukurasa mzima na orodha ya kompyuta. Kazi hiyo ilichukua dakika hamsini. Katika yote thelathini na nne, jina lililochapwa kama mrithi lilikuwa la mjomba.

"Bi. Sidi, huyu Omari Mwakutanga wa mstari wa sita anaishi wapi?"

"Makaburini, Inspekta. Tangu kabla sijaajiriwa."

"Na wa mstari wa tisa?"

"Naye pia. Na huyu wa kumi na mbili. Mjomba wa mtu mzima huwa mzee sana, ama huwa hayupo."

Walihesabu pamoja. Wajomba ishirini na watatu kati ya wale thelathini na wanne walikuwa wamekufa. Menza aliandika: *Marehemu 23. Marehemu hatoi hongo.* Kisha akauliza kama vijiji vingine vitatu vilikuwa na kosa. Havikuwa nalo, na vitabu vyao havikuwa na safu ya mjomba.

Saa nne kamili Chande Kassim aliingia bila kubisha hodi. Alikuwa dalali wa viwanja Ukunda, mzee mwembamba mwenye shati la maua la kuuziwa watalii.

"Mwanaima, hujambo mpwa wangu? Umekuja mbali kunishitaki."

"Sijambo, mjomba. Nimekuja kuuliza tu."

"Uliza. Mashine haina shangazi wala binamu." Alimgeukia Menza. "Imeandika Chande. Mimi nifanye nini, nikatae jina langu?"

"Wewe ulishuhudia mwaka 1981 kuwa mrithi ni Mwanaima."

"Mimi nimeshuhudia mengi. Ndoa, talaka, hata mpira."

"Safu ya katikati ilikuwa na jina gani?"

Chande alitazama doa la buluu na kutabasamu. "Hilo muulize mvua."

"Jumamosi ulionekana Ukunda na Gilbert Wekesa, fundi wa kompyuta wa ofisi hii."

"Nilimnunulia soda. Kijana wa watu, yuko mbali na kwao."

"Una risiti ya matofali?"

Chande hakulitarajia swali hilo. Alitoa pochi, akaikunjua risiti. Matofali yaliagizwa Jumatano saa tatu asubuhi. Orodha ilikuwa imebandikwa mlangoni Jumanne mchana. Menza alinakili saa zote mbili, akamrudishia karatasi yake.

"Unaweza kwenda."

"Nimeshinda?"

"Umeagiza matofali baada ya kusoma orodha, si kabla. Kwa hiyo hukuinunua. Ulichofanya ni kuikuta na kunyamaza. Hilo si la polisi."

Tabasamu lilimtoka Chande kabla hajatoka yeye.

Gilbert Wekesa alikuwa kwenye benchi la nje, ambako alikuwa amekaa kila siku tangu Jumanne alasiri aliposimamishwa kazi kwa tuhuma ya hongo. Alitokea Bungoma, umri miaka thelathini na mbili, tai nyembamba. Menza alimwingiza na kumkalisha mbele ya mashine.

"Afande, hiyo stori ya hongo ni uongo. Sijakula kitu ya mtu hata senti. Huyo mzee aliniuliza list inatoka lini, nikamwambia asubiri kama wengine. Hiyo tu."

"Nieleze mashine inapata wapi jina. Polepole."

"Sawa. Kila jina kwa hii system liko na sehemu tatu. Kijiji, jedwali, safu. Naandika munje, nukta, mrithi, nukta, jina. Maana yake: nenda kwa Munje, fungua jedwali la warithi, leta safu ya jina. Jedwali la wajomba pia liko na safu inaitwa jina. Hata la wamiliki."

"Majedwali matatu, na yote yana safu moja ya jina."

"Ndio maana unaandika zote tatu. Ukiandika jina peke yake, itakuuliza jina la nani."

"Itauliza?"

Gilbert alisita. "Kuna programu ndogo niliandika. Inaitwa Mhakiki. Inaangalia kila jina la safu kabla ya kuchapa. Kama halipo, inakataa."

"Tuipime. Andika jina ambalo halipo."

"Jina gani?"

"Lungalunga, nukta, samaki, nukta, jina."

Gilbert alicheka, akaandika. Hapakuwa na kijiji cha Lungalunga katika mashine ile, wala jedwali la samaki. Kwenye kioo cheusi, herufi za kijani zilijibu: SAWA.

Kicheko chake kilikatika. Alibonyeza tena, kwa nguvu zaidi, kana kwamba mashine haikusikia. SAWA.

"Chapa," alisema Menza.

Printa ililia kwa dakika moja. Yalitoka majina arobaini na moja. La sita lilikuwa Omari Mwakutanga, la kumi na tisa Chande Kassim.

"Inaangalia sehemu ya mwisho tu," alisema Menza.

"Ndio." Gilbert alikuwa amefunika mdomo kwa kiganja. "Ikikosa zile mbili za mbele inaziacha, inachukua jina kwa jedwali lolote liko wazi. Na mwisho kufunguliwa ni la wajomba, kwa sababu mashahidi wanachapwa kwanza."

"Kwa nini uliiandika hivyo?"

"Mwanzoni ilikuwa strict, afande. Ikawa inasimama kila saa. Vijiji vya kwanza niliviandika bila sehemu tatu, nilikuwa sijajua. Bi. Sidi akalalamika mashine ina kiburi. Nikailegeza isisumbue watu. Nikasahau kuikaza."

"Basi itachukua wajomba pale tu isipokuta warithi. Fungua munje, mrithi."

Gilbert aliandika. Kioo kilijibu kwa mstari mmoja: jedwali halipo. Alitafuta mahali pengine pote. Vijiji vitatu vilikuwa na warithi wao. Munje ilikuwa na wamiliki na wajomba peke yao.

"Mwezi wa tano lilikuwepo," alisema. "Zile kurasa zililowa, nilikuwa nishaziingiza kabla ya mvua. Nilichapa ya majaribio, ikatoka safi. Huyu mama alikuwa namba kumi na tisa, nakumbuka."

"Majaribio hayo yako wapi?"

"Bi. Sidi aliyachoma."

"Na nakala ya jedwali?"

"Sina. Alinikataza kuweka nakala. Alisema ni sheria ya ofisi."

"Sheria ya nani?"

"Ya mzee aliyestaafu. Mimi nilipata hivyo tu."

Saa sita na robo Menza alikuwa sebuleni kwa Kibwana Mwalimu, nyuma ya msikiti wa Msambweni. Mzee alikuwa akishona kofia, tundu baada ya tundu, kitambaa amekisogeza karibu na pua. Redioni mtangazaji alikuwa akirudia mabao ya mechi ya jana ya ufunguzi, Ufaransa. Kibwana aliizima.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Wewe ni askari, nakukumbuka. Uliwahi kulala kwenye magunia ya posho, ukaamshwa na kengele."

"Kweli, mzee. Mwaka 1974."

"Sabini na tano. Mwezi wa tatu."

Menza hakubisha. Alimweleza shauri kwa mpangilio: orodha, safu, jedwali lisilokuwapo. Kibwana alisikiliza bila kusimamisha sindano.

"Munje tulikwenda kwa miguu," alisema. "Nimebeba meza kichwani, kiti kinabebwa na tarishi. Wajomba wanakuja na kanzu zilizopigwa pasi ya makaa, hata mwenye kanzu ya kuazima. Kila mmoja anasema mbele ya watu, mrithi ni fulani, mimi sidai kitu. Ndipo natia wino kidole chake. Huyo Chande alikuwa na kidole kidogo, kama cha mwanamke. Alilia siku ile. Alimpenda dada yake."

"Unakumbuka alimtaja nani?"

"Mwanaima. Lakini kumbukumbu yangu si daftari, nawe huwezi kuipeleka Kwale."

"Siwezi. Niambie kuhusu nakala."

Sindano ilisimama. "Mwaka sabini na mbili tulikuwa na vitabu viwili vya kila kijiji, kimoja changu na kimoja cha bwana shamba. Mtu akabadilisha kimoja. Nyumba mbili zikapigana kwa mapanga, kila moja na kitabu chake. Nikakichoma cha pili kwa mkono wangu. Tangu siku hiyo nikaweka sheria: daftari ni moja. Likikamilika, haliachwi mezani. Linafungwa kwa kamba ya mkonge, linapigwa lakiri, linaingia kabatini. Anayelitaka anakata kamba mbele ya watu wawili."

"Na Bi. Sidi?"

"Sidi nilimfundisha mimi. Hajawahi kuivunja hata siku moja." Kibwana alikitazama kipande cha kofia mkononi mwake. "Hebu. Hiyo mashine yenu, daftari likikamilika mnalifungaje?"

Menza alikuwa tayari amesimama.

Saa saba na dakika arobaini alirudi ofisini. Bi. Sidi alikuwa akipiga muhuri barua. Gilbert na Mwanaima walikuwa wameketi benchi moja, wakila mhogo wa nazi kutoka sahani moja.

"Bi. Sidi, warithi wa Munje walikamilika lini?"

"Ijumaa, tarehe 29 Mei."

"Ulifanya nini?"

"Nilifunga daftari."

"Lipi?"

Alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina la siku. "La warithi. Kijana alinionyesha mwaka jana namna ya kunakili kwenye disketi na namna ya kufuta. Nikanakili. Nikafuta lile la ndani, yasiwe mawili. Nikafunga."

"Mama!" Gilbert aliinuka, mhogo mkononi. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ulikuwa Mombasa kununua utepe wa printa. Tena wewe hukuniuliza. Mliniuliza kama kuna mtu amebadilisha majina. Hakuna aliyebadilisha. Kitabu kilichomo kabatini hakijapotea."

"Na wajomba ulikuwa hujawafunga," alisema Menza.

"Hawajakamilika. Mmoja hajatia kidole."

Menza alimwita tarishi na Mwanaima wawe mashahidi wawili. Bi. Sidi alichagua ufunguo bila kuutazama. Nyuma ya mlango wa kabati palikuwa na kadi ya 1972 kwa mwandiko uliolala kulia: *Daftari lililokamilika lisibaki mezani.* Kwenye rafu ya tatu, kati ya vitabu vya turubai, kulikuwa na bahasha ndogo ya kaki, imefungwa kamba ya mkonge mara mbili, lakiri nyekundu kwenye fundo. Juu yake: *Munje. Warithi. 29.5.98.*

Gilbert aliitazama lakiri na kukunja uso. "Ulimimina na disketi ikiwa ndani?"

"Ulitaka nifunge bahasha tupu?"

"Moto unaua disketi, mama."

Mwanaima hakuwa amewahi kuona disketi. Alimuuliza Menza kwa sauti ya chini, "Jina langu limo humo?"

"Ndilo tunalotaka kujua."

Saa nane na dakika mbili kamba ilikatwa. Disketi ilikuwa na alama ya joto pembeni, duara dogo lililopauka. Gilbert aliifuta kwa tai yake na kuiingiza. Mashine ilikwaruza, ikanyamaza, ikakwaruza tena. Kisha herufi zikaanza kushuka kiooni, mstari baada ya mstari, hadi arobaini na moja.

"Kabla ya kuchapa," alisema Menza, "kaza programu."

"Nitafanya kesho, afande, saa hizi..."

"Sasa. Kwale wanataka kasoro iliyothibitishwa, na marekebisho yaliyothibitishwa."

Kazi ilimchukua Gilbert saa moja na dakika kumi. Mhakiki sasa aliuliza maswali matatu kwa zamu: kijiji kipo? Jedwali limo katika kijiji hicho? Safu imo katika jedwali hilo? Jibu moja la hapana lilitosha kusimamisha kila kitu. Menza aliagiza lungalunga.samaki.jina iandikwe tena. Kioo kilijibu: HAPANA. KIJIJI LUNGALUNGA HAKIPO.

"Ina kiburi," alisema Bi. Sidi.

"Ndiyo," alisema Menza. "Iache hivyo."

Akaagiza munje.mrithi.jina. SAWA, SAWA, SAWA.

Kabla ya kuchapa, alilinganisha majina ya kioo na zile kurasa thelathini na nne nzima za kitabu. Yote yalilingana. Saa tisa na dakika thelathini na nane printa ilianza. Mstari wa kumi na tisa ulisoma: Mwanaima Hamisi. Gilbert alimwonyesha kwa kidole. Mwanaima aliweka chake chini ya wino ambao ulikuwa haujakauka, ukamchafua, naye hakujipangusa.

Bi. Sidi aliikunja orodha, akaifunga kamba ya mkonge, akawasha mshumaa wa lakiri. Gilbert alinyoosha mkono kumzuia, kisha akaurudisha. Hii ilikuwa karatasi.

Saa kumi kamili gari la ofisi liliondoka kuelekea Kwale, likiwa na orodha mpya na ripoti ya Menza ya kurasa mbili. Saa kumi na moja na nusu lori lilisimama Munje. Chande Kassim, aliyekwisha kusikia habari za orodha mpya, alishuka, akavua shati lake la maua, akaanza kuyapakia matofali pamoja na dereva. Alipomaliza alikwenda kwenye kaburi la dada yake, akaokota tofali moja lililokuwa limebingirika hadi pale, akalibeba kwa mikono miwili mpaka kwenye lori.